Mali Bila Daftari: Haibridi, Baridi ya Minnesota na Hesabu ya Lita

Kila ikifika Januari hapa Minneapolis nasikia wimbo uleule: haibridi si gari la baridi. Nausikia kwa Wakenya wenzangu tukikutana kwa chai, nausikia kazini, na siku hizi naulizwa hata na watu wa nyumbani wanaotaka kuagiza gari kutoka Japani. "Wewe si uko na haibridi huko kwenye theluji? Si inakunywa mafuta kama lori?"

Wacha niseme msimamo wangu mapema. Ni kweli kwamba haibridi hula mafuta zaidi wakati wa baridi kali. Ni kweli pia kwamba ukipima kwa asilimia, yenyewe huumia kuliko gari la kawaida. Lakini anayeuza haibridi yake kwa sababu hiyo amepiga hesabu vibaya, na kilichompotosha ni kipimo alichotumia. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na katika kazi hii unaweza kuwa na hesabu sahihi kabisa iliyokaa juu ya kipimo kisichofaa. Jibu litatoka, litakuwa na desimali mbili nzuri, na litakupeleka njia mbaya.

Kwanza, baridi inafanya nini?

Kwa wale ambao hawajawahi kuishi huku: wastani wa joto la Januari katika mji huu ni takriban nyuzi 9 chini ya sifuri. Hiyo ni wastani wa usiku na mchana. Zipo siku mbaya zaidi. Tarehe 30 Januari 2019 ilishuka hadi karibu nyuzi 33 chini ya sifuri. Kwa hiyo tukisema baridi hatumaanishi ile ya Limuru mwezi wa Julai.

Haibridi huokoa mafuta kwa ujanja mmoja mkubwa: kuzima injini kila inapoweza. Ukisimama kwenye taa, injini imezimika. Ukiteremka mlima, imezimika. Ukiwa kwenye msongamano ukienda polepole, mota ya umeme inalisukuma gari na injini imelala. Sasa angalia baridi inavyouharibu ujanja huo.

Injini ikiwa baridi, kompyuta ya gari haikubali kuizima. Lazima ichome mafuta mpaka maji ya rejeta yapate joto na mpaka kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi kiwe moto kiasi cha kufanya kazi. Halafu kuna wewe dereva, umekaa hapo unatetemeka na umewasha hita. Joto la hita linatoka kwenye injini hiyohiyo. Ukifika kwenye taa nyekundu injini ingependa kuzimika, lakini hita inadai joto, basi injini inaendelea kunguruma. Na hapa kuna kichekesho: injini ya haibridi imeundwa isipoteze joto jingi, kwa hiyo ina joto kidogo la kukugawia. Injini ya lori kuukuu linalopoteza mafuta ovyo itakupasha moto haraka kuliko hiyo!

Betri nayo haipendi baridi. Ikiwa baridi sana haitoi nguvu zake zote wala haipokei umeme haraka, kwa hiyo ukikanyaga breki sehemu ya nguvu ambayo ingerudi kwenye betri inapotea.

Kisha kuna mambo yanayoyapata magari yote. Hewa yenye baridi ni nzito: hewa ya nyuzi 7 chini ya sifuri ina uzito wa takriban asilimia 12 zaidi ya hewa ya nyuzi 25, na gari lazima liipasue. Upepo wa tairi hupungua kama PSI 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 joto linaposhuka. Tairi uliyoijaza Agosti ikikutana na Januari inaweza kuwa imepoteza PSI 7 bila msumari wowote. Oili ni nzito. Petroli inayouzwa majira ya baridi imechanganywa tofauti ili iwake kirahisi, na ina nguvu kidogo kuliko ile ya kiangazi.

Watengenezaji wanajua haya yote. Toyota Prius iliyouzwa Marekani kuanzia toleo la 2004 ilikuwa na chombo kama chupa ya chai, kabisa kama ile ya mama jikoni, kilichohifadhi maji moto ya injini hadi siku 3 ili ikiwashwa tena isianze baridi kabisa. Toleo lililofuata, la 2010, liliacha chupa hiyo likawa linavuna joto la moshi kwenye ekzosi. Wahandisi hawapotezi muda na pesa hivyo kwa tatizo la kubuni.

Asilimia inayotisha

Sasa tuje kwenye namba. Serikali ya Marekani inasema hivi: kwenye mwendo wa mjini, gari la kawaida la petroli likiwa katika nyuzi 7 chini ya sifuri hupunguza umbali linaokwenda kwa galoni kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na nyuzi 25 za joto. Kwa safari fupi za kilomita 5 au 6 linaweza kushuka hadi asilimia 24. Na haibridi? Asilimia 30 hadi 34.

Mtu akisoma hapo anafunga mjadala. "Umeona? Haibridi inapoteza mara mbili!"

Subiri kidogo, ndugu yangu. Chukua kalamu tuandike. Tuseme haibridi inakwenda kilomita 21.3 kwa lita wakati wa joto, na gari la kawaida la ukubwa unaokaribiana linakwenda kilomita 10.6 kwa lita. Sasa tubadilishe swali. Badala ya kuuliza lita moja inanifikisha wapi, tuulize kilomita 100 zinanigharimu lita ngapi.

Wakati wa joto:
- Haibridi: lita 4.7
- Gari la kawaida: lita 9.4
- Tofauti: lita 4.7

Wakati wa baridi, haibridi ikishuka kwa asilimia 32 na gari la kawaida kwa asilimia 15:
- Haibridi: lita 6.9
- Gari la kawaida: lita 11.1
- Tofauti: lita 4.2

Umeona? Asilimia ya haibridi ni zaidi ya mara mbili ya ile nyingine, lakini kwa lita, haibridi imeongeza 2.2 na gari la kawaida limeongeza 1.7. Pengo ni nusu lita kwa kilomita 100. Akiba yako imetoka lita 4.7 ikawa 4.2. Haijafa, imepungua kidogo tu. Na hapo nimelipendelea gari la kawaida. Ukilipa ile asilimia 24 ya safari fupi, litakunywa lita 12.4 na akiba ya haibridi itakuwa kubwa zaidi ya ile ya kiangazi!

Sababu ni rahisi. Mtu anayekula sahani moja ukimwongezea nusu sahani umemwongezea asilimia 50. Anayekula sahani mbili ukimwongezea nusu ileile ni asilimia 25. Chakula kilichotoka sufuriani ni kilekile. Haibridi inaonekana kuumia kwa sababu ilikuwa inakula kidogo tangu mwanzo.

Si mimi niliyegundua udanganyifu wa kipimo hiki. Mwaka 2008 Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke waliandika katika jarida la Science kwamba kipimo cha maili kwa galoni huwapotosha watu wanapolinganisha magari. Kilomita kwa lita, tunachotumia Kenya, kina kasoro hiyohiyo. Jaribu mwenyewe: kutoka kilomita 10 kwa lita hadi 12, au kutoka 20 hadi 28, ni wapi unaokoa mafuta mengi zaidi? Wengi watachagua ya pili kwa sababu 8 ni kubwa kuliko 2. Lakini ya kwanza inaokoa lita 1.7 kwa kila kilomita 100, na ya pili lita 1.4 tu.

Kwa nini nalishikilia jambo hili

Kuna jamaa ninayemfahamu hapa anayehudumia wazee majumbani kwao. Siku nzima yuko barabarani, nyumba moja hadi nyingine, safari fupifupi, gari likipoa kila mahali. Januari moja aliniambia, "Kaka, hii haibridi naiuza. Kama itakunywa hivi, afadhali ninunue gari kubwa nikae vizuri." Tayari alikuwa na mtu wa kuinunua, na gari alilolitamani lilikuwa la zile kilomita 10 na kitu kwa lita.

Tukakaa chini na hesabu ya hapo juu. Yeye huendesha kama kilomita 24,000 kwa mwaka. Tukasema kilomita 10,000 ni za miezi ya baridi na 14,000 ni za miezi mingine. Baridi: akiba ya lita 420. Miezi mingine: lita 658. Jumla lita 1,078 kwa mwaka, ambazo ni kama matangi 24 ya lita 45. Matangi mawili kila mwezi, mwaka mzima!

Hakuongea kwa muda. Pesa ya matangi mawili kwa mwezi kwake si ya kuchezea, kwa sababu anamlipia karo mdogo wake aliye nyumbani. Alichotaka kufanya ni kukata karo hiyo kwa sababu ya namba moja kwenye skrini iliyoshuka mwezi wa kwanza. Gari analo hadi leo.

Weka daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Gari ni mali, na mafuta ndiyo mlango linalotorokea. Mimi nina daftari la haibridi yangu, gari la mkono wa pili, na kila nikijaza mafuta naandika mstari mmoja. Mistari ya Julai na Agosti inanipa takriban lita 5.0 kwa kilomita 100. Januari ni 6.8. Mwaka mzima ni 5.6. Hiyo ya mwisho ndiyo namba ya kufanyia uamuzi, kwa sababu silipi bima ya mwezi mmoja wala sikulinunua gari la mwezi mmoja.

Huhitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta. Fanya hivi:

1. Jaza tangi hadi pampu ijikatie yenyewe. Usiongeze juu. Ukiweza, tumia kituo kilekile na pampu ileile.

2. Andika tarehe, kilomita zilizo kwenye dashibodi, lita ulizoweka na kiasi ulicholipa. Walio Marekani: galoni moja ni lita 3.785 na maili moja ni kilomita 1.609.

3. Andika pia joto la siku hizo na aina ya safari, fupi au ndefu. Bila safu hizi mbili hutajua kama gari linaumwa au ni hali ya hewa tu.

4. Usihukumu kwa tangi moja. Pampu hazijikati mahali pamoja kila mara. Prius za mwanzo zilizouzwa Marekani zilikuwa hata na mfuko laini ndani ya tangi uliokakamaa kwenye baridi, kwa hiyo kiasi kilichoingia kilibadilika kutoka mjazo hadi mjazo. Angalau matangi matatu, kisha ongea.

5. Usichukue wastani wa wastani! Jumlisha kilomita zote, jumlisha lita zote, kisha gawanya. Kilomita 500 kwa 21.3 na kilomita 500 kwa 14.5 hazileti 17.9. Zinaleta 17.3. Ukitumia lita kwa kilomita 100 na umbali ukiwa sawa, tatizo hili halipo.

Na skrini ya gari? Itazame, lakini usiiape. Ya kwangu hunisifu kwa karibu asilimia 5 kuliko daftari. Skrini inakadiria, pampu inakutoza pesa. Zikibishana, mimi naamini risiti.

Hapa nina neno kwa wenzangu tunaotengeneza programu. Anayechagua kipimo cha kuonyesha ndiye anayechagua mtumiaji afikirie nini. Kibandiko cha magari mapya Marekani tangu toleo la 2013 kina galoni kwa maili 100, lakini kwa herufi ndogo, huku maili kwa galoni zikiwa kubwa katikati. Kama ningepewa dashibodi niipange, ningeweka lita kwa kilomita 100, za mwezi huu na za mwezi kama huu mwaka jana. Januari ilinganishwe na Januari. Mtu angetazama na kuona, ala, kumbe ni kawaida.

Kupunguza makali

Baridi huwezi kuifuta, lakini kuna mambo ya bei nafuu. Pima upepo wa tairi kila mwezi, asubuhi kabla ya kuendesha. Unganisha safari: sokoni, posta na kinyozi kwa mzunguko mmoja, ili uilipie injini joto mara moja tu. Kama kiti chako kina joto la umeme, washa hilo na upunguze hita ya hewa. Vaa koti vizuri. Usiliache gari liungurume dakika 20 nje ya nyumba. Injini hupata joto upesi zaidi ukiendesha taratibu. Wanaoishi kwenye baridi kali hufunga hita ya umeme ya injini, wakaiwekea saa iwake saa chache kabla ya safari. Wengine huziba sehemu ya tundu za mbele ili hewa isiipoze rejeta, na hapo ni lazima utazame joto la injini na uondoe kizuizi hicho majira yakibadilika.

Sisemi haibridi inamfaa kila mtu. Mwenye safari ya kilomita 2 kwenda kazini atakuta injini haijapata joto na ameshafika, na kwa kuwa mafuta anayotumia kwa mwaka ni kidogo, hakuna gari litakalomwokolea pesa nyingi. Mwenye kukaa kwenye barabara kuu mwendo wa kasi saa zote naye atapata faida ndogo. Ninachokataa ni kuamua kwa asilimia.

Na nyumbani je?

Kenya hakuna theluji ya kusumbua injini, lakini ugonjwa wa namba moja upo, tena mkubwa. Toyota Aqua ilipotoka Japani mwishoni mwa 2011 ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita kwa kipimo cha JC08. Kipimo hicho ni cha maabara ya Japani, hakijui milima ya Kijabe wala matuta ya barabarani. Anayenunua akitegemea 35 kisha akapata 22 ataliita gari bovu, na huenda ni zima kabisa.

Hata Marekani ilibidi wabadilishe vipimo. Kuanzia magari ya toleo la 2008 majaribio yalianza kuhesabu baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri, mwendo wa kasi na kipoza hewa. Prius ya 2004 iliyokuwa imeandikiwa maili 55 kwa galoni ikawa 46 kwa hesabu mpya. Gari lilikuwa lilelile, petroli ileile, madereva walewale. Kilichobadilika ni ukweli wa kibandiko.

Kwa hiyo unayetaka haibridi ya kufanyia teksi Nairobi, usiulize "inakwenda ngapi kwa lita?" Tafuta dereva mwenye gari kama hilo, kwenye barabara kama zako, na umwombe daftari lake la miezi sita. Akikwambia hana daftari, anakukisia tu. Na ukishalinunua, anza daftari lako siku hiyohiyo, kwenye tangi la kwanza.

Kama tayari unaweka hesabu, nitumie mistari yako: lita, kilomita, na mji unaoendeshea. Ningependa sana kuona Eldoret na Mombasa zikiwekwa kando ya Minneapolis, zote kwa kipimo kimoja.